Nani Aliwaambia Nina Shida ya Betri?

Fungua boneti ya gari hapa Namoruputh, Turkana, saa saba mchana, uone. Barabara ilikuwa tupu. Mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha mgunga, na mbwa wa jirani alishaahirisha kubweka mpaka jioni. Lakini boneti ikipanda tu, watu wanatokea: mwenye fimbo, mwenye ekicholong chake cha kukalia, vijana wa bodaboda, mama mwenye mtoto mgongoni, mwalimu ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani. Hakuna anayeuliza gari limefanyaje. Wanaitazama injini kwa muda wa pumzi mbili, halafu aliye mkubwa kwa umri anatoa hukumu: "Ni betri hiyo."

Mimi sina shida ya betri. Taa zinawaka, honi inalia, na nikipiga stata injini inazunguka kwa nguvu mpaka mbuzi wanaamka. Inazunguka sana, inazunguka vizuri, ila haishiki. Nimelieleza jambo hili kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kiturkana, na siku moja nikalieleza kwa kupiga honi mfululizo ili wasikie wenyewe umeme ulivyo mwingi. Walinihurumia. Mgonjwa anayeukana ugonjwa wake, walisema, ni wa kuvumiliwa tu. Tena yuko mwenye betri anayoiuza, imetumika kidogo, iko kwa shemeji yake Lorugum.

Gari lenyewe ni saluni ndogo ya Kijapani ya mwaka 1997, gia za mkono, rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Kampuni siitaji kwa kuwa haina kosa. Ningezaliwa mimi kwenye nchi ya theluji, halafu uzeeni nikaletwa kubeba sukari Turkana, ningekataa kuwaka hata asubuhi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe, kwa hiyo sisi wa mifuko miembamba hutafuta yale yaliyoingia zamani, yakazunguka Nairobi mpaka yakachoka, yakapelekwa Kitale kupumzika. Langu nililikuta huko Kitale. Mji ule uko juu, mita 1,900 hivi, na mwezi wa Julai watu huvaa sweta kwenda kununua maziwa. Aliyeniuzia aliliwasha mbele yangu likaitika kwa mpigo mmoja. Akalizima, akaliwasha tena. "Hili gari halijawahi kunisumbua hata siku moja," akaapa, na mimi mpaka leo namwamini. Lingemsumbuaje? Joto lenyewe lilikuwa halijakutana nalo.

Kutoka Kitale unateremka. Kapenguria bado una koti, Marich umelivua, Kainuk umefungua vifungo vya shati, na Lokichar unajiuliza ni nani aliyekushauri kuvaa soksi. Ukifika Lodwar uko mita 500 hivi tu juu ya bahari, na wastani wa joto la mchana ni nyuzi 35, mwezi huu na mwezi ujao na Krismasi pia. Mkoloni alilijua hilo. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961, na sidhani aliletwa huku kwa ajili ya mandhari. Gari langu nalo lilihukumiwa kwenda mbele zaidi, ng'ambo ya Lorugum, kwenye njia inayoelekea Lokiriama na mpaka wa Uganda, na tangu siku hiyo linatumikia kifungo kwa manung'uniko.

Nina duka. Nauza sukari, unga, majani ya chai, tumbaku, sabuni, betri za tochi (za gari sina, na wala sizihitaji). Alfajiri naondoka kwenda Lodwar, gari linawaka hata ufunguo haujamaliza kugeuka. Napakia mzigo, naanza kurudi jua likiwa limeshapanda. Lorugum nasimama kunywa chai. Kikombe kimoja, andazi moja, salamu za watu. Nikirudi ndani ya gari, limebadilika tabia. Stata inazunguka, injini haijibu. Nangoja, najaribu, nangoja. Jua likishaanza kulegea, saa kumi na moja hivi, linawaka lenyewe bila aibu yoyote, na mimi naingia Namoruputh usiku na unga ambao wateja walishaununua kwa jirani.

Nikaanza kulichunguza, maana gari likikusumbua kwa mpangilio, lazima mpangilio huo una maana. Nikizima na kuwasha palepale, linawaka. Nikilizima mpaka jioni, linawaka. Nikilizima kwa muda wa chai, haliwaki. Yaani limechagua chai yangu. Mwanzoni nililichukulia kama chuki binafsi, lakini kuna sababu, na ni sababu nzuri. Injini ikiwa kazini, maji yanazunguka ndani yake, feni inapuliza, na upepo wa safari unaingia kwa mbele. Ukizima, vyote vinasimama papo hapo, ila chuma hakijapata habari. Joto lililokuwa tumboni mwa injini linapanda na kusambaa kwa kila kilichofungwa chini ya boneti: waya, mipira, plastiki, visanduku vya umeme. Kwa hiyo kifaa kilichokaa juu ya injini hakipati joto lake kali kabisa gari likiwa mbioni. Kinalipata baadaye, gari likiwa limeegeshwa na wewe unapuliza kikombe. Ukiondoka mapema kabla joto halijapanda, umepona. Ukikaa mpaka lishuke, umepona. Katikati hapo ndipo penye andazi.

Sasa ukiwa na maarifa hayo utadhani watu watakusikiliza. Wapi.

Vijana wa bodaboda wao husema plagi. Pikipiki ina plagi moja, ikichafuka pikipiki inakataa, ukiipiga brashi inakubali. Elimu yao yote ya umekanika imekaa ndani ya plagi hiyo moja, na wanaigawa bure. Tanboi wa lori la ng'ombe alisema dawa ni kuuza gari ninunue la dizeli, kwa kuwa dizeli haina plagi za cheche wala koili, inajiwasha yenyewe kwa kugandamizwa. Hilo ni kweli tupu. Pia ni kweli kwamba kwa bei ya Land Cruiser ya dizeli ningeweza kujenga duka lingine, nikaoa, na chenji ikabaki.

Halafu wapo wa kusukuma. Hawa siwawezi. Gari likikataa tu, wameshalishika nyuma, watu wazima na watoto wa shule, wanaimba, wanalisukuma kwenye mchanga wa laga, mto mkavu, mpaka magurudumu yanazama. Nawaambia: jamani, kusukuma ni kwa ajili ya gari ambalo stata yake haizunguki. Mkilisukuma mnaizungusha injini. Injini yangu inazunguka tayari! Mnaifanyia kazi ambayo haijawashinda wenyewe walioajiriwa. Wanasikiliza kwa heshima, halafu mmoja anasema, "Haya, mara moja tu, mzee," na wimbo unaanza upya. Wakimaliza wanadai soda.

Hata hivyo nitawatendea haki watu wa betri kwa sentensi chache. Liko kweli gari linalokataa likiwa na moto kwa sababu ya umeme wa stata. Ukigeuza ufunguo linasema "tak", basi, kimya. Hapo utazame vichwa vya betri kama vimeota ukoko, utazame waya mnene unaokwenda kwenye bodi na kwenye injini, kisha stata yenyewe, kwa kuwa shaba ikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi, na swichi ya sumaku iliyo juu ya stata ikichoka huwa inachoka zaidi ikiwa na moto. Ugonjwa huo upo, una wenyewe, na mimi si mmoja wao. Nimemaliza.

Aliyenisumbua akili zaidi ni Mzee wa Peugeot. Huyu ni mzee wa hapa hapa ambaye ujanani alikuwa dereva wa Peugeot 504 ya abiria kati ya Kitale na Nairobi, na hajawahi kurudi kabisa kutoka kwenye safari hizo. Gari zile ziliunganishwa Mombasa, zikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ukimpa nafasi atakueleza ushindi wa mara zote mbili kona kwa kona. Yeye alikuja na fimbo yake, akaingiza kichwa chini ya boneti, akanusa.

"Petroli imechemka," akasema.

"Mzee, petroli inachemkaje?"

"Inachemka kama uji. Lete kitambaa chenye maji, tuvishe pampu."

Ubaya wa mzee huyu ni kwamba ana hoja. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au 40 hivi. Joto hilo hapa kwetu unalipata kivulini bila kuwasha kitu. Kwenye 504 pampu ilifungwa ubavuni mwa injini, ikavuta mafuta kwa kuyanyonya kutoka tangi lililo nyuma kabisa, na kimiminika kikinyonywa huchemka mapema zaidi. Mvuke ukijaa kwenye mpira wa mafuta, pampu inabaki kusukuma hewa, na kabureta inakaa na kiu. Madereva wa zamani walivisha pampu kitambaa kibichi, mvuke ukarudi kuwa petroli, safari ikaendelea. Kila alichosema Mzee ni sahihi, isipokuwa gari. Langu halina kabureta. Pampu yake imezama ndani ya petroli tangini, na inayasukuma mafuta mbele kwa shinikizo kubwa, na mafuta yaliyoshinikizwa hayachemki ovyo. Nilimweleza hayo kwa adabu.

"Pampu iko wapi?" akauliza.

"Ndani ya tangi, mzee."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Ni nani alikuambia pampu inakaa ndani ya tangi?"

Kuanzia hapo ikawa kambi mbili chini ya mti wa wanaume, pale wazee wanapokutana: watu wa betri na watu wa petroli kuchemka. Hawa ni wazee wanaojua kusuluhisha. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikaa pale Lokiriama wakafanya mapatano ya amani baada ya miaka ya kuibiana mifugo na kuuana, na kila Septemba pande mbili bado hukutana kuyakumbuka. Niliwakumbusha hilo. Wakasema suala la Wamatheniko lilikuwa rahisi.

Nikalipeleka gari kwa fundi Lodwar. Kumbuka gari linakataa muda wa chai tu. Nikafika kwake likiwa na moto, nikamkuta chini ya lori. "Nakuja, mzee, kaa hapo kivulini." Alipotoka chini ya lori jua lilikuwa limegeuka. Akapiga stata, likawaka. Akalizima, akaliwasha, akalizima, akaliwasha, akanitazama kwa jicho lile wauguzi wanalomtazamia mtu aliyekuja zahanati kuomba siku ya mapumziko. "Sioni shida." Kesho yake nikamrudia asubuhi na mapema ili nisikute foleni. Asubuhi na mapema! Ni kumshitaki popo saa sita mchana. Likawaka tena kabla ya wakati, nadhani lilifanya makusudi.

Akaleta mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine nzuri, ina kioo, ina waya mrefu. Marekani ililazimisha magari yote kuanzia ya mwaka 1996 yawe na tundu la aina moja la kuchomekea mashine hizo, lakini langu lilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, na wakati huo wao hawakuwa wamelazimishwa. Fundi akapapasa chini ya usukani, akapapasa pembeni, akalipata tundu, na tundu lilikuwa na umbo lingine. Akajaribu kuichomeka hivyohivyo. Nikamshukuru, nikalipa pesa ya mashine, kwa sababu mashine ilikuwa imewashwa.

Aliyenisaidia nilimpata Kakuma nikifuata sukari. Kutoka Lodwar ni kilomita 120 hivi za lami, na ukishaizoea barabara ya kwetu, lami inakutia usingizi. Kambi ya wakimbizi ilianza pale mwaka 1992, na siku hizi kuna wafanyabiashara wa kila kabila la dunia: Wasomali wenye bidhaa za jumla, Waethiopia wenye mikahawa, Wakongomani wenye cherehani na spana. Fundi wangu ni Mkongomani wa makamo aliyekuwa na gereji kwao Bukavu. Gari lilikuwa limepoa na linawaka vizuri. Nikajiandaa kusikia kwamba haoni shida.

"Papa," akaniambia, "mimi sitaki kuona motokari. Nataka stori yake."

Nikamsimulia kila kitu: alfajiri, mzigo, chai, jioni. Alisikiliza akiwa anafuta mikono, akauliza swali moja tu: likikataa, nikichomoa plagi, ni kavu au bichi? Nilikuwa nimeshaitazama. Bichi, na inanuka petroli.

"Basi mafuta iko nafika. Inakosa moto. Angalia cheche. Lakini hapa kwangu hautaona kitu, sababu itakuwa imepoa. Utapima kulekule kwenye inakataaka."

Akanieleza njia. Injini ya petroli inadai vitu vichache: hewa, mafuta, cheche, na vyote vifike kwa wakati wake. Langu lina distributa, na ndani ya distributa hiyo mna koili, na ignita ambayo inakata na kuunganisha umeme ili koili itoe cheche. Koili ni waya mwembamba mno uliozungushwa maelfu ya mizunguko. Waya ukiwa na ufa, joto linapoutanua ufa unaachana. Ukipoa unagusana, na kila kitu kinakuwa sawa mpaka chai ijayo. Ignita nayo ina vipande vya elektroniki ambavyo vikizeeka havivumilii joto. "Bobini inakufaka ikipata joto, ikipoa inafufuka," alisema, akimaanisha koili. Alinionya pia kuhusu sensa inayopima joto la maji ya injini: hiyo ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta inamimina petroli nyingi mpaka plagi zinazama, na mtu akikanyaga mafuta mpaka chini huku akipiga stata mara nyingi linawaka kwa kuhemahema. Nilikuwa nimelikanyaga hivyo hapo Lorugum mpaka mguu ukafa ganzi. Halikuhema.

Akanipa plagi kuukuu, akakataa pesa. "Utanilipa ukijua."

Asubuhi iliyofuata nikaanza na gari likiwa baridi, kama alivyoniagiza, ili nijue kwanza uzima wake unafanana vipi. Unachomoa waya wa plagi, unauvisha ile plagi kuukuu, unailaza juu ya chuma cha injini, mwenzako anapiga stata, na cheche inaruka. Usiishike kwa mkono, kwa kuwa ni maelfu ya volti. Niliwaeleza vijana wa bodaboda. Mmoja akasema yeye ni fundi wa plagi, hawezi kufundishwa plagi. Tulipompata alikuwa amekaa kwenye mchanga mita kadhaa kutoka kwenye gari, akiuliza ni nani aliyempiga. Tukathibitisha kwamba likiwa baridi cheche ipo.

Kisha nikalizungusha gari mpaka likapata moto, nikalizima mbele ya duka, nikanywa chai yangu kwa makusudi. Likakataa. Sijawahi kufurahi hivyo. Nikaweka plagi, nikamwambia kijana apige stata, nikatazama, nisione kitu. Lakini je, cheche haipo au ipo na siioni? Cheche ni uzi mwembamba wa rangi ya buluu, na jua letu la saa saba haliupi nafasi mwangaza mwingine wowote. Hili hakuna aliyenitahadharisha. Ikabidi nichukue shuka, nijifunike kichwa na nusu ya injini, nikae ndani ya giza hilo na chuma kinachochoma, jasho linaingia machoni, nikipaza sauti: "Piga! Piga tena!" Nje nilikuwa nawasikia.

"Anaomba?"

"Hapana. Analia."

"Mwache alie. Gari ni ghali."

Ndani ya shuka hapakuwa na cheche. Giza tupu. Nikatoka nikitabasamu, jambo ambalo liliwatia wasiwasi zaidi.

Ilibaki kuthibitisha kwamba ni distributa, na njia yake ni kupoza kitu kimoja kimoja: kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, usimwage maji kwenye waya, na ukikipoza kifaa na gari likawaka, umemkamata. Njia nzuri mno kwa mtu wa Kitale. Hapa kwetu maji hayatoki ukutani. Wanawake huchimba kwenye mchanga wa laga mpaka unyevu utokee, wakachota kikombe baada ya kikombe, jerikeni ya lita 20 ikajaa kwa subira, ikabebwa kichwani mpaka nyumbani. Mama aliyekuwa akipita na jerikeni yake alisimama.

"Baba, gari lina kiu?"

"Hapana, mama. Nalipima."

"Unalipima kwa maji?"

"Ndiyo."

"Sisi tukienda zahanati wanatupima kwa kidole."

Nikamwomba maji kidogo tu, bakuli moja. Akauliza kama injini itayanywa au itayarudisha. Nikasema nitampa sukari. Akashusha jerikeni chini, na nikajua bei imepanda.

Kwanza nikavisha kitambaa kibichi kwenye bomba la mafuta, kwa heshima ya Mzee wa Peugeot, aliyesimama akitikisa kichwa kukubali. Piga stata: haishiki. Nikakihamishia kwenye distributa, nikakigeuza upande wa pili kilipopata joto, nikakilowesha tena. Tukangoja kidogo. Piga. Likawaka! Watoto wakashangilia, mbuzi wakakimbia, mwalimu akapiga makofi.

Mzee hakupiga makofi. "Limepoa lenyewe," akasema. "Muda ulikuwa umefika."

Na kwa mara ya pili, laana hiyo, alikuwa na hoja. Pengine lingewaka hata bila kitambaa. Ilibidi kesho yake tulipashe moto tena, likatae, tuliache bila maji kwa muda uleule. Likaendelea kukataa. Tukavisha distributa kitambaa, likawaka. Hapo hata Mzee alinyamaza, ingawa alisema yeye tangu mwanzo ndiye aliyetaja kitambaa chenye maji, jambo ambalo ni kweli na linaniuma. Mama wa jerikeni aliuza bakuli la siku ya pili kwa bei maradufu. Akanieleza kwamba maji ya jana yalikuwa ya kunisaidia, haya ya leo ni ya kubishana, na maji ya kubishana ni ghali.

Distributa iliyotumika, ya injini kama yangu, niliagiziwa na mpwa wangu kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Ukitoa ya zamani weka alama ilipokaa, kwa sababu ikigeuka kidogo tu cheche zinakuja kabla ya wakati au baada yake, na utarudi chini ya mti wa wanaume kuanza mjadala mpya. Niliweka alama kwa rangi ya kucha ya binti yangu. Fundi wa Kakuma nikamtumia pesa yake kwa simu. Akajibu kwa neno moja, "Bobini," na baada ya hapo alama ya kucheka.

Kwa hiyo gari limepona. Saa saba mchana linawaka, saa nane linawaka, kabla ya chai, katikati ya chai. Ungedhani sasa nina raha. Kumbe ugonjwa ule ulikuwa unanilinda. Zamani mtu akiniomba nimpeleke mahali mchana, nilisema, "Ningekupeleka, ndugu yangu, lakini unajua gari langu na jua," akaenda kutafuta bodaboda. Sasa Namoruputh nzima imeliona likiwaka kwenye jua kali, imeshangilia kwa mikono yake, na hakuna udhuru uliobaki. Nimebeba magunia yasiyo yangu. Nimebeba bibi harusi. Nimebeba mbuzi mgonjwa aliyepona njiani akala risiti zangu.

Jana Mzee wa Peugeot alikuja asubuhi amevaa kofia yake ya safari. Ana mambo yake Lokiriama. Akakaa kiti cha mbele, akasogeza kioo cha pembeni mpaka akajiona mwenyewe, akanieleza ni lini nibadilishe gia. Nikawasha. Akaniwekea mkono begani.

"Zima kwanza, tusichome mafuta bure. Tunamngoja mjomba, anakunywa chai."

"Mzee, anakunywa chai kwa muda gani?"

"Wewe zima tu. Si siku hizi linawaka?"